Mpiga Video Aliyekataa Kufuta

Mara ya kwanza kumwona, alikuwa amelala kwenye matope nyuma ya hema la harusi, na wanaume watatu wenye suti za rangi moja walikuwa wanampiga mateke. Suti zile nilizishona mimi. Nilikuwa nimeitwa nikaze kifungo cha bwana harusi, nikapitia nyuma ili nisikatize mbele ya wageni, ndipo nikayakuta yale. Wapigaji walikuwa ndugu wa bwana harusi. Aliyepigwa alikuwa mpiga video wao. Hakujikinga kichwa. Alikuwa ameikumbatia kamera tumboni kwa mikono yote miwili, na mgongo ameuacha uwe wa yeyote anayeutaka.

"Futa!" mmoja alipiga kelele. "Futa hiyo kitu saa hii!"

"Bibi harusi amelia," alijibu kutoka matopeni. "Siyo mimi nimemliza."

Wakampiga teke la mdomo. Meno mawili yalitoka. Moja nililiona kwa macho yangu, jeupe kabisa, juu ya majani karibu na ndoo ya soda.

Kumbe asubuhi ile alikuwa amempiga picha bibi harusi kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, akilia peke yake kabla ya kutoka, kilio cha mtu anayezika. Ndugu wa mume walitaka kifutwe kabla mtu hajakiona. Hakukifuta. Wiki mbili baadaye aliwapelekea wenyewe harusi yao nzima, na kile kilio kilikuwamo, kirefu, na baada yake bibi harusi alionekana akijifuta uso, akinyoosha mabega, akitoka nje kutabasamu. Yule mwanamke alikuja kwangu baadaye kupanua gauni la kitenge akiwa na mimba. Aliniambia kwamba katika harusi yake yote anatazama pale tu.

Mwezi uliofuata harusi ile, mpiga video yule alikodi chumba kilichopakana na changu pale sokoni Suneka. Baina yetu kulikuwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo kwa miaka tisa nilisikia kila alichokivunja. Soko zima lilimwita Mpiga Video, nami nitamwita hivyo. Alikotoka na alizaliwa na nani hakuwahi kunieleza, na siku nilipomuuliza aliniambia nishone.

Alivunja vingi. Alivunja kibodi mgongoni mwa kijana mmoja aliyetaka mioyo myekundu irukeruke kwenye video ya ruracio yake, siku ya kupeleka mahari. Alivunja kiti alichokuwa amekalia mwenyewe, kwa sababu sauti ya mama mmoja matangani haikuingia vizuri na kosa lilikuwa lake. Mheshimiwa mmoja alifiwa na nduguye, akataka kwenye video hotuba yake iwe yote na maneno ya mjane yapunguzwe. Mpiga Video aliyaweka ya mjane yote, na ya mheshimiwa akaacha sentensi mbili, ile ya salamu na ile ya kwaheri. Vijana wa mheshimiwa walikuja mchana, wakavunja kioo cha mlango kwa nyundo, wakamgonga nayo begani. Nilipoingia nilimkuta anafagia vioo kwa mkono mmoja huku akiimba wimbo wa kitabu cha nyimbo, sauti ya pili, bila kukosea.

"Wewe hutachoka kupigwa?" nilimuuliza.

"Nimechoka," alisema. "Shika hapa kwenye beleshi."

Na mtu huyo huyo hakuweza kuchinja kuku. Kila sikukuu alikuja mlangoni pangu na jogoo amemshika mbali na mwili kama mtoto aliyejisaidia. "Kerubo, nisaidie na huyu." Kisha alisimama akiangalia ukutani mpaka nimemaliza, na nilipomrudishia alikuwa ametoa jasho.

Alikuwa Msabato na hakukosa ibada. Aliketi benchi la mwisho, amevaa koti la mvua la kahawia hata jua likiwaka, na wakati wa maombi macho yake yalikuwa wazi. Wazee wa kanisa walimkalisha chini mara mbili kwa sababu ya hayo macho. Mara ya tatu waliyomwita ilikuwa kwa ajili ya kwaya.

Kwaya ile niliishonea sare za zambarau, wanawake kumi na wanane, kola moja, mkono mmoja, urefu mmoja. Kila kwaya ya hapa kwetu hupiga video kwa njia ile ile: uwanja wa nyasi wa hoteli, hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, gari la mtu nyuma yao. Mpiga Video aliwapeleka kwenye kituo cha kununulia majani chai, wakati akina mama wale wale walikuwa wametoka shambani, vikapu bado mgongoni juu ya zile sare zangu, akawaambia waimbe wakiwa wamesimama hapo hapo kwenye foleni. Kamera yake haikuonyesha hatua. Ilionyesha vidole vilivyoingia weusi wa majani, na shingo zilizokazana.

Nilikuwepo walipokuja kuitazama. Mwenyekiti wa kwaya, mama mkubwa mwenye heshima zake, alivua kiatu kabla wimbo haujafika kati.

"Umetufanya tukae kama vibarua!"

"Mama, ndivyo mlivyo," alisema, na hakuwa anamdharau.

Kiatu kilimpata sikioni. Wengine wakaingia, wakampiga kwa mikoba, wakamkwaruza shingo, na mmoja alikuwa analia huku anapiga. Alikataa kurudia. Walikwenda kwa mtu mwingine, wakapata nyasi zao na gari lao. Lakini ile ya kwanza aliihifadhi, na alasiri nyingi niliisikia kupitia mbao, sauti ndogo, ikianza tena na tena. "Wewe unawashonea nguo moja," aliniambia siku moja, "halafu mimi nahangaika kuwatafuta ndani yake." Nilikasirika. Kazi yangu ilikuwa nzuri.

Alikuwa na sinema moja ya zamani, ya nchi za mbali, nyeusi na nyeupe, nakala iliyochakaa hata nyuso zilionekana kama zinanyeshewa. Ilikuwa juu ya mfinyanzi mmoja ambaye mji mzima ulimtaka afinyange vyungu vya umbo moja, kwa kuwa ndivyo vilivyozoeleka, naye anakataa, anasusiwa, wanamchapa, mwishowe wanaibomoa tanuri yake. Nilimshonea mapazia ya kuzuia mwanga, na badala ya malipo alinionyesha sinema ile. Tanuri ilipoanguka akazima.

"Haijaisha," nilisema.

"Imeisha. Mbele yake ni uongo. Mji mzima unakuja kulia, wanambeba mabegani. Mwenye sinema alifika hapo akaogopa."

"Watu wanapenda mambo yaishe vizuri."

"Watu wanapenda kusamehewa bila kuulizwa walichofanya," alisema, akachomoa waya ukutani kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa maana mimi nimo ndani yake na si kwa uzuri.

Kwetu ni Manga, kijiji cha juu kwenye ule mgongo wa kilima. Mpiga Video alikuwa ameitwa huko kupiga picha za mazishi ya msichana wa shule aliyeugua siku mbili tu. Baada ya kaburi kufunikwa, watu hawakutawanyika. Mtu mmoja alisema jina la mjane mzee aliyekaa chini ya njia, mong'ina, kama tunavyomwita bibi mzee, aliyekuwa mkunga wa kijiji kabla hospitali hazijakaribia, yeye ndiye aliyempokea kaka yangu Onchari siku aliyozaliwa. Mwingine akasema omorogi, mchawi. Neno hilo likisemwa mbele ya watu wenye huzuni, halirudi mdomoni. Watu wakateremka.

Mimi nilikuwa Suneka siku hiyo. Kesho yake Mpiga Video aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akanikalisha.

"Tazama. Usiseme kitu mpaka iishe."

Nilitazama. Walimtoa jikoni bado ameshika mwiko. Jiwe la kwanza lilirushwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa amelala. Wakampiga kwa mipini ya majembe, kwenye magoti kwanza, halafu popote. Hakuna aliyekuwa mlevi. Walikuwa wamevaa nguo za mazishi, wengine tai, na walikuwa wanaimba, wimbo ule ule walioimba kaburini. Wakamrudisha ndani wakimburuta kwa mkono mmoja, mkono ambao haukuwa unakwenda upande unaostahili kwenda. Mlango wakaufunga kwa waya. Watu wakapitishiana nyasi kavu kama wanaopitishiana tofali za kujenga darasa. Kisha akaja mwanamume mwenye jerikeni, amevaa jaketi la rangi ya tofali lenye kiraka kwenye kiwiko cha kushoto. Kiraka kile nilikitia mimi. Ilikuwa kazi yangu, mshono wangu, na mkono ndani yake ulikuwa wa kaka yangu.

Sauti ya mong'ina ilisikika mara mbili. Mara ya pili alikuwa anaita watu kwa majina.

Picha ikakatika.

"Mbona hukumsaidia?" nilimuuliza. Ndilo neno la kwanza nililopata.

Alifunua viganja. Vilikuwa vimetoka malengelenge, mstari mmoja mwekundu ukipita katikati ya vyote viwili. "Nilipiga dakika nne. Ya tano nikaiweka kamera chini nikakimbilia mlango. Waya ulikuwa wa moto tayari." Akageuka, akagonga paji la uso kwenye ukuta wa mbao, akagonga tena, mpaka mkasi wangu uliotundikwa upande wa pili ukaanguka. "Dakika nne, Kerubo. Nilikuwa natafuta mahali pazuri pa kusimama."

Nilimshika bega. Halafu nikasema nililokuwa nimekusudia kusema tangu nilipoliona jaketi.

"Futa. Huyo ni kaka yangu. Nakuomba, futa."

 Nadhani alikuwa amenionyesha akitumaini nitasema jambo jingine.

Aliipeleka kwa polisi. Kituo gani sitasema. Waliipokea, wakaandika, na hakuna aliyeitwa. Alirudi mara ya pili wakamwambia haifunguki. Mara ya tatu alipigwa makofi mawili na kuambiwa arudi kwenye harusi zake. Wakati huo habari zilikuwa zimekwisha kupanda Manga, na mawe yalianza kutua juu ya mabati yetu mchana kweupe, sisi sote wawili, kwa kuwa paa lilikuwa moja.

Picha zile hazikurudi kutoka kituoni, ndipo akaamua kuitengeneza upya kwa waigizaji. Aliwakusanya watu wa soko: wauza ndizi, waendesha boda boda, wachuma majani. Akaniomba niwe mong'ina. Nilikubali, na watu walidhani ni ujasiri. Nilikubali kwa sababu niliona nikiwa ndani ya kazi nitaweza kumzuia.

Hakuzuilika. Mazoezi yake yalikuwa vita. Mwendesha boda mmoja alicheka alipokuwa ananipiga kwa mpini wa uongo, na Mpiga Video alimzaba kofi hadi damu ya pua ikamwagika kifuani. "Walicheka?" alimuuliza. "Uliwaona wakicheka?" Kisha akamfuta damu kwa kitambaa chake mwenyewe, akamwomba msamaha, akamwambia arudie. Mimi niliburutwa mara saba. Ukucha wangu wa kidole cha pete uling'oka na haukuota sawa tena. Mara ya saba sikuwa naigiza. Walipofunga mlango wa kile kibanda nilipiga kelele nikaita watu kwa majina, majina yao halisi ya sokoni.

Mavazi yalikuwa kazi yangu pia. Aliniagiza jaketi la rangi ya tofali, kiraka kiwiko cha kushoto. Nilishona la kijani, bila kiraka. Alilipokea, akaligeuza ndani na nje. Siku iliyofuata alikwenda Daraja Mbili, akachambua mitumba kutwa nzima, akarudi na jaketi la rangi ile, akakata kiraka na kukishona mwenyewe. Mishono ilikwenda upogo kama njia ya siafu. Alilitundika juu ya mlango wake mahali nitakapoliona kila nikipita.

Watu walikuja kumsihi, na si wote walikuwa waovu. Mama mmoja kutoka shirika la mjini Kisii alikuwa tayari kuizungusha filamu shuleni kote, ikiwa tu wauaji watakuwa vijana walevi kutoka mbali, na mwishoni kijiji kiombe msamaha na kupanda miti. Mpiga Video aliichukua chai aliyomwandalia, akaimwaga mlangoni, akamfungulia mlango. "Hawakutoka mbali," alimwambia. "Walitoka kaburini."

Mzee mmoja wa kanisa alikuja pia, akakaa kwenye kigoda, kofia magotini. "Mwanangu," alisema, "dunia inatujua sisi kwa jambo hilo moja. Mtoto wa Kisii akienda kutafuta kazi Nairobi anaulizwa kama kwao wanawachoma nyanya zao. Sasa wewe, wa tumbo letu, unataka kuwaongezea?"

 Nilidhani Mpiga Video amepatikana, maana maneno yale yalikuwa ya kweli na mzee hakuyasema kwa hila.

"Omogaka, mzee wangu," Mpiga Video alimwambia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "yule mama naye alikuwa wa tumbo letu."

Mzee alivaa kofia akaondoka.

Angeweza kuionyesha kwanza mjini, mbele ya watu wasiomjua yeyote aliyehusika. Alikataa. Aliipeleka kijijini kwetu, Jumapili saa tisa, kwenye ukumbi wa mikutano, madirisha yamezibwa kwa blanketi, shuka jeupe ukutani, jenereta ikinguruma nje. Watu walijaa hadi milangoni. Nilikaa benchi la pili. Onchari alikuwa nyuma yangu, safu tatu.

Mwanzoni walicheka kuniona nimepakwa mvi. Halafu wakanyamaza. Kwenye shuka watu walianza kuteremka njia, wakaanza kuimba, na jambo lililotokea ukumbini sijalisahau: watu kadhaa kwenye mabenchi walianza kuuitikia ule wimbo. Kwa mazoea tu. Walijikuta wanauimba, sauti ya kwanza na ya pili, wakaushika mstari mzima, kisha mmoja mmoja wakajisikia, wakaacha.

Kisha jaketi likatokea, na jerikeni.

"Si huyo ni Onchari?" mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemtambua mtu barabarani.

Nilisikia benchi likianguka. Kaka yangu alikuwa amesimama. Alikuwa analia. "Tulikuwa wengi!" alipiga kelele. "Wote mlikuwepo! Kwa nini mimi peke yangu?"

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumjibu bila kujitaja. Kwa hiyo wote wakamgeukia mtu mmoja ambaye wangeweza kumgeukia. Shuka liliraruliwa. Jenereta ilipigwa mateke ikazima, mablanketi yakaanguka, na mwanga wa mchana ukaingia ghafla juu ya kila uso. Walimwangusha Mpiga Video kati ya mabenchi. Walimpiga kwa mashine yake mwenyewe, ile ya kurushia picha, kwenye jicho. Walipochoka kumpiga ovyo, wanaume wawili waliunyoosha mkono wake wa kulia juu ya benchi, na Onchari, aliyekuwa ameng'oa mguu wa benchi jingine, akaupiga. Aliupiga mara nyingi. Mara za kwanza ulitoa sauti ya kuni. Baadaye haukutoa sauti.

Mpiga Video hakuomba. Alikuwa anasema tu, "Naona. Naona."

Nami nilikaa. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alinishika mkono, akaninong'oneza, "Tulia, usiende," na mimi sikuwa naenda popote.

Jioni ile Onchari alikuja nyumbani kwa mama. Mkono wake ulikuwa umevimba kwa kupiga. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikamkanda. Nilimwambia pole. Ndilo neno nililosema siku ile, na nililisema kwa huyo.

Kesho yake walikuja Suneka. Niliwasikia kupitia mbao wakivunja kila kitu, kompyuta, kamera, kabati la harusi na matanga ya miaka tisa, kisha nikasikia harufu ya plastiki ikiungua uani. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika, nikautunga, nikakanyaga tena.

Mpiga Video alilazwa hospitali, akatoka, akachukuliwa na dada yake upande mwingine wa Nyamira. Chumba kile sasa ni cha muuza dawa za mifugo. Onchari ni mzee wa kanisa. Watu wanamheshimu, anasuluhisha ugomvi wa mipaka, na mimi ndiye ninayemshonea suti.

Miaka sita ilipita. Mwaka huu, wakati wa mvua, nilikwenda Daraja Mbili kutafuta mitumba ya kugeuza. Nilikuwa nimeinama juu ya rundo la makoti, nikasikia nyuma yangu, "Kerubo. Umenenepa."

Alikuwa ameketi kwenye gunia, mbele yake mikungu ya ndizi za dada yake. Jicho la kulia lilikuwa jeupe lote. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani, vidole vimeungana kama mizizi ya tangawizi. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita.

Tulisalimiana. Nilimuuliza habari za dada yake, akaniuliza habari za mama. Mnunuzi akaja, na Mpiga Video akautia mkungu chini ya goti, akakata chana kwa kisu cha mkono wa kushoto, upesi, bila kuukosea. Mnunuzi alipoondoka niliona nikichelewa sitasema kamwe.

"Siku ile ukumbini," nilisema, "mimi nilikaa."

"Najua."

"Ulikuwa chini. Hukuniona."

"Mtu akiwa chini anaona miguu," alisema. "Watu wote walikuwa wanakanyagana. Viatu vyako vilikuwa vimetulia, vimepangwa pamoja, kama vya mtu aliye kanisani. Vyeusi, vya kamba. Nilivitazama mpaka mwisho."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimebeba kilo zangu za kutukanwa miaka sita, na nilikuwa tayari hata kupigwa na chana la ndizi mbele ya soko zima. Hakufanya hivyo. Wala hakusema amenisamehe. Alitoa simu mfukoni, ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni, akaishika imara kwa mkono wa kushoto juu ya ndizi.

"Napiga tena," alisema. "Siyo ya mong'ina. Ya ule ukumbi. Inaanza pale walipoanza kuuitikia wimbo. Nina watu tisa sasa, wengine walikuwepo siku ile, wamekuja wenyewe. Nakosa mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Yule mwanamke wa benchi la pili."

"Tafuta mwigizaji."

"Nimejaribu wawili. Wanaweka huzuni usoni. Wewe hukuwa na huzuni usoni, Kerubo. Hukuwa na kitu."

Mvua ilianza kudondoka juu ya maturubai. Watu walikuwa wanafunika nguo zao, wakiitana. Nilimwambia kwamba Onchari yupo, na ana watu. Nilimwambia mama bado yu hai, na bado tunakula meza moja. Nilimwambia wakijua, wataniua.

"Inawezekana," alisema. Hakuongeza neno la kunipa moyo.

Nilisimama pale nikinyeshewa. Nilimuuliza siku. Akasema Jumapili, saa tisa, kwa dada yake. Nilimwambia ninavyo bado, vile viatu vya kamba, viko chini ya kitanda.

Jumapili nilivivaa.